Natapika kwa siri tangu nipunguzwe tumbo, na ndugu wanasema nilijitakia

Shangazi, shikamoo.

Nimesita sana kukuandikia, maana najua wapo watakaosoma hapa na kusema, "Si alijitakia?" Naandika hivyohivyo kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza bila kuanza kujitetea.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu umevuka arobaini kidogo. Kwa miaka mingi nilikuwa mnene, na si unene wa kutaniwa tu. Nilikuwa na sukari, presha, magoti yameisha, na usiku nilikuwa nakoroma hadi pumzi inakata, mume wangu ananitikisa ndipo nipumue. Nilijaribu kila kinachojaribiwa. Mwisho daktari akanishauri nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza kidogo. Tulikaa na mume wangu tukaamua, tukatumia akiba yetu. Ndugu hatukuwaambia. Tulisema nina safari ya kikazi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, nikaruhusiwa mapema. Wiki haijaisha, homa ikanishika, moyo unakimbia hata nikiwa nimelala, na bega la kushoto linauma bila sababu. Niliporudishwa hospitali wakakuta mshono wa ndani umevuja. Niliingizwa tena chumba cha upasuaji usiku uleule, nikaamkia kwa wagonjwa mahututi na mipira kila mahali, mmoja puani, mwingine ubavuni unatoa usaha. Baadaye wakaniwekea kwa kamera kijibomba cha kuziba lile tundu kwa ndani. Kilikaa wiki kadhaa kikatolewa, na kipimo cha mwisho kikaonyesha tundu limefunga. Nikaambiwa nimepona, nikapewa karatasi ya maelekezo ya chakula, nikarudi nyumbani.

Sasa imepita zaidi ya miezi minne tangu upasuaji wa kwanza, na mimi kupona sikuoni. Nikiletewa sahani mwili mzima unakakamaa. Mume wangu ni mtu mwema, supu anaipika mwenyewe, halafu anakaa mbele yangu na kuhesabu vijiko kwa sauti ya chini. Nikimaliza naingia bafuni, nafungua bomba maji yatiririke, ndipo natapika, ili asisikie. Nikitoka namwambia leo chakula kimekaa. Imekuwa hivyo karibu kila siku kwa wiki nyingi sasa.

Siri ya safari ilishafichuka. Wifi yangu anasema mbele ya watu, "Mungu alimpa mwili akaenda kuukata, sasa anataka huruma ya nani?" Anasema pia kwamba mshono haukuvuja wenyewe, lazima nilikula kwa siri kabla ya muda. Sikula, lakini ameyasema mara nyingi mpaka nami nimeanza kujitilia shaka. Kazini wananong'ona kwamba nina ugonjwa wa kufichwa. Nywele zinatoka kwa mafungu. Nikifumba macho nasikia zile mashine za hospitali zikilia.

Nisaidie, Shangazi. Je, ni kosa langu? Watu niwaambie nini? Na nitarudi lini kuwa mtu? Mengine ni madogo. Nyayo zinawaka na kufa ganzi, na juzi nilipepesuka nikishuka ngazi, nadhani ni udhaifu tu wa kutokula.

Wako,
Aliyejitakia

*

Marahaba, mwanangu.

Jina hilo ulilojipa sitalitumia. Maswali yako nitayajibu, ila naanzia pale uliposema "mengine ni madogo". Ganzi ya nyayo na kupepesuka umeviweka mwisho kabisa, mstari mmoja, kama mtu anayeaga mlangoni. Mstari huo ndio ulionifanya nikutumie jibu fupi siku niliyopata barua yako, bila kungoja zamu ya safu hii: nenda hospitali leo, na usiende peke yako. Hapa naeleza sababu, kwa sababu sidhani kama ni wewe tu unayetapika bomba likiwa wazi.

Mwili wa binadamu hauna ghala kubwa la vitamini B1, ambayo wataalamu huiita thiamini. Akiba yake hutosha wiki 2 hadi 3 hivi. Mtu aliyepunguzwa tumbo anakula kidogo sana, na akiwa anatapika juu ya hapo, akiba inaisha upesi na hakuna kinachoingia kuirudisha. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia kwanza. Nyayo huwaka au kufa ganzi, miguu hulegea, mtu akitembea anayumba. Ikiendelea inapanda kichwani: macho huona vitu viwiliviwili au huchezacheza yenyewe, mtu husahau aliyoambiwa asubuhi, huchanganyikiwa. Ikigunduliwa mapema inatibika, na kwa dawa ya kawaida kabisa. Ikicheleweshwa, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, huijua shida hii kama ya walevi, lakini hata daktari wa Kijerumani Carl Wernicke alipoieleza mwaka 1881, mmoja wa wagonjwa wake 3 alikuwa msichana mshonaji aliyekunywa asidi, njia ya kutokea tumboni ikabana, akawa anatapika mfululizo. Pombe haikuhusika kwake.

Sikuambii kwamba ndiyo hiyo uliyonayo. Ganzi ya nyayo inaweza kuletwa na sukari ya siku nyingi, au na upungufu wa vitamini B12. Kupepesuka kunaweza kuwa ni maji kupungua mwilini. Ila hii ya B1 haingojewi, na madaktari wengi hutoa dawa palepale wanapoishuku, hata kabla majibu ya maabara hayajatoka, kwa sababu kungoja kuna hatari kubwa kuliko dawa yenyewe.

Kwa hiyo ukifika, usiseme "nimechoka" au "chakula kinanikataa". Maneno laini hukurudisha nyumbani na vidonge vya kichefuchefu. Sema hivi: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, mshono ukavuja, natapika karibu kila siku kwa wiki nyingi, nyayo zina ganzi na nayumba. Naomba nichunguzwe upungufu wa vitamini B1, na nipewe kabla ya dripu ya glukosi." Hicho kipande cha mwisho mumeo naye akishike kichwani, au kiandikwe kwenye karatasi. Mwili huitumia B1 kuchoma sukari, kwa hiyo glukosi ikimiminwa kwa mtu aliyeishiwa, kile kidogo kilichobaki kinaweza kumalizika na hali ikawa mbaya zaidi. B1 yenyewe kwa mtu anayetapika hupitishwa kwenye mshipa au kwa sindano, maana kidonge kitatoka na supu.

Hayo yakishatulizwa, linabaki swali ambalo hukuniuliza: kwa nini unatapika? Nadhani hukuuliza kwa sababu umeshajijibu kwamba hii ndiyo adhabu, na adhabu huvumiliwa. Sivyo, mwanangu. Aliyepunguzwa tumbo akila haraka, au tonge likiwa kubwa, anaweza kutapika siku hiyo, kesho akajirekebisha. Kutapika karibu kila siku kwa wiki nyingi kuna chanzo, na kinatafutwa. Mfuko uliobaki ni mrija mwembamba, na pale unapopinda katikati huweza kubana, hasa kwa mtu aliyepitia uvujaji na makovu kama wewe. Hiyo huonekana kwa eksirei ukiwa umekunywa dawa ya kuonyesha njia, au kwa kamera. Mara nyingi hutibiwa kwa kamera hiyohiyo, wanapanua kwa kiputo pale palipobana, wakati mwingine wanarudia zaidi ya mara moja. Uzito ukishuka kwa kasi, vijiwe kwenye nyongo navyo hutokea sana. Na usicheke: watapima pia kama una mimba. Mwanamke akipungua uzito uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ghafla, na anayetapika vidonge vya uzazi wa mpango hana kinga. Ushauri wa kawaida ni kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, basi uliza kuhusu njia isiyopitia tumboni.

Jambo jingine, tena la siku hiyohiyo. Je, bado unameza vidonge vya sukari na presha kwa kipimo cha zamani? Hukuandika, lakini naona wengi wakiendelea hivyo bila mtu kuwauliza. Mtu aliyepungua kilo nyingi na hali chochote, kipimo kile kinaweza kumshusha sukari au presha hadi aanguke. Usiache dawa mwenyewe. Beba vifuko vyote, mwagia daktari mezani, apange upya. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizimeze bila ruhusa yake, zinachubua tumbo ambalo tayari limeumia.

Kwenye kibegi utie ripoti ya upasuaji wa kwanza, ya ule wa pili, na ile ya kutoa kijibomba. Kama huna, ziombe. Ni habari za mwili wako na una haki nazo. Ukiona huna imani tena na waliokupasua, nenda kwa mtaalamu mwingine wa upasuaji wa aina hiyohiyo, lakini nenda na makaratasi. Na kama unazo hasira nao, zipo mahali pake, ila zisikufanye usitibiwe. Maswali ya ilichukua muda gani kugundua, na kwa nini, yanaweza kuulizwa ukiwa na nguvu ya kukaa kwenye kiti.

Wakati huo wote, na hata baadaye, kuna ambayo hayangoji asubuhi: homa, mapigo ya moyo kupita 120 ukiwa umetulia, maumivu makali ya tumbo au yale ya bega la kushoto kurudi, pumzi kuwa fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, choo cheusi kama lami, kushindwa kuzuia hata maji siku nzima, au kuchanganyikiwa. Wewe hizi nyingine umeshazionja, huhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa bomba. Nimelifikiria sana hilo bomba la bafuni kuliko jambo lolote katika barua yako. Mumeo anahesabu vijiko kwa sababu ndicho kitu pekee alichopewa kuhesabu. Anaona vijiko sita vimeingia, anashukuru, analala. Hajui kwamba vimetoka. Ukifika kliniki akaulizwa na daktari, atasema kwa moyo safi kwamba mke wangu anakula, na daktari atamwamini. Unamlinda asiumie, na kwa kumlinda umemfanya shahidi wa uongo asiyejijua. Mweleze leo, kabla hamjatoka nyumbani. Unaweza kumwambia tu, "Supu yako haikai, na nimekuwa nikificha." Atanyamaza kwanza. Mpe nafasi anyamaze. Kisha mpe kazi nyingine badala ya vijiko: aandike kwenye daftari ulichokunywa, kiasi, saa, na kama kimetoka. Daftari hilo litamsaidia daktari zaidi ya maelezo yenu wote wawili.

Unauliza kama ni kosa lako. Uvujaji wa mshono baada ya upasuaji wa aina yako hutokea kwa takriban mtu 1 hadi 3 kati ya 100, hata mikononi mwa mabingwa. Hapo zaidi ya robo tatu ya tumbo huondolewa, na mshono mrefu wa pini hubakia upande mmoja. Tundu mara nyingi hutokea juu kabisa, karibu na umio unapoingia tumboni, kwa sababu damu inayofika pale ni haba kidogo na presha ndani ya mrija mwembamba ni kubwa. Hata mgonjwa aliyefuata karatasi ya chakula neno kwa neno huweza kuvujiwa. Wifi yako hakuwemo tumboni mwako. Anasema hivyo kwa sababu jambo la kutisha likiwa na mkosaji, kila mwingine anajiona salama. Unaweza kumsamehe kwa hilo, lakini usimwamini.

Na kuhusu "alijitakia": ulijitakia upasuaji, naam. Ulikuwa na sukari, presha, na pumzi inayokatika usingizini, magonjwa matatu yanayoua watu polepole bila kelele. Daktari alikushauri, mkakaa mkaamua wawili watu wazima. Uvujaji hukujitakia. Aliyekubali kutolewa kidole tumbo akapata maambukizi haambiwi kajitakia, na sioni kwa nini wewe uambiwe, isipokuwa tu kwamba unene watu wanauona kama tabia mbaya na si ugonjwa. Kujuta umefanyiwa upasuaji ni jambo jingine, nalo sikukatazi. Unaweza kujuta leo, na mwaka ujao ukaona vipimo vya sukari ukafurahi, na usiwe umejipinga. Ila angalia jinsi lawama zilivyokufanya ukae na ganzi ya miguu bila kumwambia mtu. Hilo ndilo linalonikasirisha kwa wifi yako, wala si maneno yenyewe.

Hofu ya sahani, na zile mashine unazozisikia ukifumba macho, hutokea kwa watu wengi waliolazwa chumba cha mahututi. Hujapungukiwa akili. Mwili wako umejifunza kwamba kitu kikiingia tumboni kinaweza kukuua, na kwa muda fulani ulikuwa ukweli. Mwombe daktari akuunganishe na mwanasaikolojia, hata kama utaona aibu, na uende kabla hofu haijageuka desturi. Kutatua kubana kwa tumbo peke yake huenda kusitoshe. Wapo ambao njia imeshafunguka na bado koo linakataa.

Daktari akisharuhusu, mtarudi hatua ya vimiminika na vyakula laini kama mtu anayeanza upya. Hapo protini hutangulia, yai laini, maziwa, samaki, maharage yaliyopondwa. Lengo ambalo hutajwa mara nyingi ni angalau gramu 60 za protini kwa siku, lakini mtu aliyekaa na njaa muda mrefu haongezewi kwa pupa, madini ya damu huweza kuyumba, kwa hiyo ngazi za kupanda akupangie mtaalamu wa lishe. Maji ni funda dogodogo kutwa nzima, yasichanganywe na mlo, subiri kama nusu saa. Ukishiba, hata kama ni kijiko cha tatu, weka kijiko chini. Na mumeo asikusukume kumaliza. Vitamini utameza maisha yako yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Hilo si kwa sababu ulivujiwa, ni la kila aliyepunguzwa tumbo.

Nywele zitaota. Kumwagika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya mshtuko wa namna hii ni kawaida, na lishe ikikaa sawa hurudi zenyewe. Usitumie hela kwenye mafuta ya miujiza.

Utarudi lini kuwa mtu? Siwezi kukupa mwezi. Aliyepitia uvujaji hupona kwa muda mrefu zaidi ya majirani zake wodini waliopasuliwa siku moja naye, na kidonda cha ndani kufunga ni kitu kimoja, nguvu kurudi ni kingine. Usijilinganishe na mtu yeyote anayeonyesha picha zake za kabla na baada. Kipimo chako kwa sasa kiwe kama maji yanakaa na miguu inatulia.

Watu nao hawadai ripoti yako. Kazini inatosha, "Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, ukaleta matatizo, bado naendelea na matibabu." Sentensi hiyo ni kweli tupu na haina mlango wa maswali, anayeendelea kuuliza, mrudishie ileile bila kuongeza neno. Kwa bosi peke yake ongeza cheti cha daktari, uombe mapumziko au saa chache. Kwa wifi yako usiseme kitu. Huyo ni dada wa mumeo, basi mumeo ndiye akamwambie, tena mbele ya haohao aliokusemea, kwamba uamuzi ulikuwa wa wawili na yeye alitia sahihi.

Shangazi